Ndege wa Baridi na Mbuzi Asiyekuwapo

Mama yangu, Bi Khamisa, alikuwa radhi kufanya kila alichoamriwa na daktari, ila kutembea. Wali wa usiku aliuacha. Chai aliinywa bila ya sukari, uso kaukunja kama anayekunywa shubiri. Vidonge alivimeza. Lakini kutoka mlangoni akaenda kwa miguu mahali asipokuwa na shughuli, kisha akageuka akarudi, hilo lilimshinda.

"Nende wapi?" akiniuliza. "Na nikifika nifanye nini? Nigeuke nirudi? Wallahi watu watasema Khamisa kaingiwa na wazimu."

Daktari alimwambia wazi: akirudi kwenye miadi na sukari haijashuka, anaanza sindano. Na Mama sindano anaiogopa kuliko nyoka. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, Idi ndiyo kwanza imepita, na Ibra nzima, mji wetu huku Oman, hapana sebule isiyokuwa na sinia la halwa. Juu ya hayo, hakutaka mtu ajue. Hata mashoga zake aliokuja nao kutoka Unguja hakuwaambia.

"Nikisema tu, kila nyumba nitakayoingia sinia litafunikwa," alisema. "Watakula wao, mimi watanitilia maji."

Tulijaribu mtaani kwetu. Nilimwachia mtoto mume wangu Ghaith, nikamshika Mama mkono tukatoka. Hata kona hatukuifikia. Jirani wa kwanza alisimamisha gari, tukamshukuru, tukamwambia hatwendi mbali. Wa pili alituuliza kwani Ghaith kauza gari? Wa tatu hakuuliza kitu, alifungua mlango tu, na Mama akaingia. Akapitishwa kwanza kwa huyo jirani kunywa kahawa, na kahawa ya Oman haiji peke yake, inakuja na tende na halwa. Ilipofika Magharibi alirudishwa nyumbani akinukia zafarani.

"Si nimetoka?" akaniambia. "Ulitaka nitoke, nimetoka."

Mimi wakati ule nilikuwa nasoma masomo ya jioni. Niliolewa kabla sijamaliza skuli, na Rahaf wangu alipokuwa mkubwa wa kuachwa na bibi yake nikarudi darasani, pamoja na wanawake wenzangu, wengine umri wa Mama. Mwalimu wetu wa sayansi, Ustadha Jumana, mtu wa Nizwa, alikuwa na tabia ya kufunga kitabu katikati ya somo akatuhadithia aliyoyaona njiani. Jioni moja, Februari inakwisha, alituambia mvua imepiga milima ya Dima wa Tayyin na mabonde yametoa maua. Na kwenye mashamba ya ndimu huko, akasema, kuna ndege mgeni, kwa Kiarabu anaitwa sumna. Mgongo wa kahawia, kifua cheupe chenye madoadoa. Anaikimbia theluji huko kaskazini, anakuja kukaa kwetu wakati wa baridi, na joto likianza tu anaondoka.

"Anayemtaka amuwahi," alisema Ustadha. "Huyu haagi."

Nilirudi nyumbani nimeshapata la kufanya. Mama yangu ni mtu wa maua. Uani kwetu ana asumini kwenye madebe, na kila asubuhi anaisemesha hiyo kabla hajatusemesha sisi.

"Mama, Ijumaa twende Dima tukaangalie maua."

"Maua gani? Dima kuna mawe."

"Yametoka, mvua imenyesha. Na kuna ndege kutoka nchi za theluji, anaimba."

"Hajamsikia ndege wetu wa Unguja, kurumbiza, huyo Ustadha wenu." Kisha akaniuliza, "Tunakwenda kwa gari?"

"Kwa gari," nikamjibu. Na kweli, kwenda tulikwenda kwa gari.

Hila iliyobaki ilikuwa ya Ghaith. Watu wake walitoka Tabora, na Mama husema watu wa bara ni wapole mbele ya mkwe na wajanja nyuma yake. Siku ile alituteremsha pale mitende ya kijiji cha chini inapokwisha. Alitoa kikapu, akatoa chupa ya maji, akamfungulia Mama mlango kwa adabu zote, akamshika mkono akashuka. Halafu akaingia ndani ya gari akajifungia.

"Mie nakwenda kusali Ijumaa kijiji cha juu, Mama. Nitakungojeeni hapo msikitini. Njia ni hii hii ya bondeni, haipotezi."

"Hicho kijiji cha juu kiko wapi?"

Ghaith alionesha kwa kidevu upande wa milima, ambako sisi tuliona milima tu, akaondoka.

Mama alilitazama vumbi mpaka likatulia. "Mumeo kanitupa," akasema.

"Hajakutupa, Mama."

"Kanitupa kama paka."

Rahaf alicheka mpaka akakaa chini, na alipokaa chini ndipo alipoyaona. "Bibi! Maua mengi!"

Yalikuwepo kweli, ila madogo, lazima uiname. Kwenye changarawe palikuwa na maua ya manjano yamesimama kwenye vijiti vyembamba, yakitikisika kila upepo ukipita. Kandokando ya mfereji wa falaji palikuwa na humaidh, majani manene yenye ukali ambayo watoto wa Oman wanayatafuna, na vishada vyake vimeanza kupata rangi kama shavu la mtu aliyeona haya. Mama alilichuma jani akalinusa, akalitia mdomoni, akafumba jicho moja.

"Embe mbichi," akasema. "Hili ukilitia pilipili na chumvi ni embe mbichi."

Akachuma jingine. Alipokuwa akitafuta la tatu akapiga hatua, na la nne likampeleka mbele zaidi. Nilimpa Rahaf kikapu nikamwambia kwa sikio, "Mtafutie Bibi maua, lakini ya mbele, usimrudishe nyuma."

Ndege tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa juu ya mkunazi karibu na ukuta wa shamba. Anasema neno moja, analirudia, analirudia tena, anatulia, kisha anakuja na jingine analirudia vilevile, kama mtoto anayehifadhi sura. Mama alisimama. Alivua kitambaa sikioni, kitu ambacho hakifanyi njiani.

"Mashallah," akasema taratibu. "Huyu kenda chuoni."

Ndege akateremka, akaingia chini ya mindimu. Ndiye yeye, sumna wa Ustadha Jumana, kifua chake kama kimerashiwa kahawa. Alikuwa akiyapindua majani makavu, moja baada ya jingine, huku anainamisha kichwa kuangalia kilichoko chini. Akimaliza anaruka hatua mbili, anaanza tena.

"Anachagua mchele," Mama akaninong'oneza. "Muangalie. Hii chuya, hii chuya, hii... eeh, kapata."

Tulimfuata ukutani huku yeye yuko upande wa pili. Shamba likaisha, likaja la pili. Jua lilikuwa la baridi, zuri, la kuota mgongo. Nilimtazama Mama anavyokwenda, abaya kaishika kwa mkono mmoja, shingo mbele, na nikaanza kutia hesabu za matumaini moyoni mwangu: akienda hivi kila wiki, akienda hivi na mtaani, sindano haiji.

Ndipo lilipokuja gari.

Lilikuwa pikapu, na dereva wake mwanamume mwenye ndevu zilizoanza mvi. Alisimama, akazima injini, akatusalimu kwa Kiarabu, salamu ndefu ya watu wa milimani: hali zenu, habari zenu, hakuna jipya, hakuna baya. Jina lake, alisema, Marzouq, na kijiji cha juu ndiko kwao.

"Gari lenu limekufa wapi?"

"Halijakufa," nikamjibu.

"Mmepotea?"

"Hatukupotea."

"Mna mgonjwa?"

Mama alinifinya mkono mpaka nikauma mdomo.

"Basi pandeni," akasema Marzouq, keshateremka anapangusa kiti. "Kahawa iko tayari nyumbani, na halwa ya Idi bado ipo. Haiwezekani wanawake waende kwa miguu na mimi nina gari. Watu wataniambia nini?"

Halwa ya Idi. Nilimtazama Mama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshainuka. Nikaona safari yetu yote inamalizikia pale, kwenye kiti cha pikapu, na sinia mbele yake. Nilitaka kusema, mwacheni mama yangu atembee, lakini ningesemaje bila ya kuitoa siri yake?

Nyuma ya ukuta sumna akaanza tena. Neno moja, akalirudia.

Mama aliushusha mguu. "Ahsante, mwanangu," akasema kwa Kiarabu chake cha Unguja. "Hatuwezi kupanda. Tunatafuta mbuzi."

Uso wa yule bwana ulifunguka. Hatimaye amepewa kitu anachokielewa. "Mbuzi! Yukoje?"

"Mwekundu."

"Jike?"

"Jike."

"Ana alama?"

Mama aliangalia mbinguni. "Sikio limechanika. La kushoto."

"Mungu atamleta, khalti," akasema Marzouq, kama anamwita mama yake mdogo, na pikapu likaondoka mbio, mawe yanaruka.

"Mama!"

"Nini? Kaondoka, hakuondoka?"

"Uongo, Mama, na leo Ijumaa."

"Nitatubu nikifika. Muangalie ndege wako."

Rahaf alikuwa kasimama katikati ya njia, kikapu kichwani. "Bibi, kwani sisi tuna mbuzi?"

"Twende, mwanangu," akasema bibi yake. "Tutazame kule kwenye rangi ya zambarau."

Kulikuwa na kipande cha udongo mwekundu kimeshika maji ya mvua, na pale yalikuwa yamechomoza maua ya zambarau, urefu wa kidole, kila ua lina doa jeupe. Jua lilikuwa limepanda na yalikuwa ndiyo yanafunguka. Mama alichutama. Hakuchuma hata moja. Alimshika Rahaf mkono akamwambia asikanyage, na akaniuliza kama Ustadha wetu anajua jina la maua yale. Nikamwambia nitamuuliza.

Alipoinuka alitangulia yeye, sisi tukamfuata nyuma. Alikuwa anatoka jasho, kipaji chote kinang'aa, na mwenyewe hajui. Tena anasimulia. Kwamba Unguja kurumbiza akimwona mtu na mumewe njiani anawatangazia watu wote, na ndiyo maana yeye na marehemu baba yangu walikuwa wakipishana upande huu na upande huu wa njia kama hawajuani. Sijapata kumsikia akimtaja baba kwa kicheko hivyo.

Tulikuwa tumeshaikaribia kona ya mwisho tuliposikia ukelele mlimani, ukajibiwa na mwengine. Nikainua macho. Juu ya jabali kuna mtu, na pale kwenye migunga wapo wawili, na kwenye ngazi za mashamba wanateremka wengine, wanaume na wanawake, wanapiga mbinja, wanachungulia mapangoni, wanaita kwa sauti ile ya kuitia mbuzi. Kumbe Marzouq alikwenda moja kwa moja mpaka kijijini akasimama mbele ya msikiti akawatangazia watu: kuna bibi mgeni, mtu mzima, anahangaika bondeni na mtoto mdogo, kapotelewa na mbuzi wake. Nani angekaa?

Sumna waliruka, kundi zima, kutoka mindimu ya chini mpaka ya juu, wakapotea.

"Bibi, ndege wote wamekimbia," Rahaf akalalamika.

"Na mimi nataka kukimbia," akasema Mama kwa Kiswahili.

Hakuwahi. Mwanamke mnene wa kiasi, shela yake ya maua, alikuwa anakuja njiani akihema na huku anavuta kamba. Mwisho wa kamba alikuwapo mbuzi. Mbuzi jike. Mwekundu. Nikamwangalia sikio: la kushoto, limechanika.

"Alhamdulillahi!" akapiga kelele yule mwanamke. "Huyu hapa mbuzi wako, dada yangu! Kajichanganya na wangu tangu juzi, tunauliza ni wa nani, hakuna anayemjua!"

Watu wakakusanyika. Wakamshukuru Mungu, wakampongeza Mama, na Marzouq, aliyekuwa amerudi na pikapu lake, akaanza kufungua mlango wa nyuma ampakie. Mbuzi alimtazama Mama. Mama alimtazama mbuzi.

"Siye huyu," akasema mwisho.

"Sikio la kushoto," akasema yule mwanamke. "Si ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo. Lakini wangu... wangu ni mwekundu zaidi."

"Siye!" Marzouq akawageukia wenzake. "Jamani, siye! Pandeni tena juu, nyinyi piteni lile bonde la pili!" Na wale wanaume, Ijumaa ile, na kanzu zao safi za msikitini, wakageuka kweli kuelekea mlimani. Mmoja mzee, fimbo mkononi, akaanza kulipanda jabali kwa taabu.

Nilimwona Mama akimwangalia yule mzee. Akashusha pumzi.

"Ngojeni," akaita. "Rudini, wanangu. Rudini. Hakuna mbuzi."

Wakasimama.

"Sikupoteza mbuzi. Sina mbuzi. Daktari ndiye aliyeniambia nitembee." Sauti ilikuwa inamshuka, macho yako chini. "Nina sukari. Nikishindwa kutembea nitapigwa sindano. Niliona haya kusema natembea tu, bila ya kutafuta kitu. Nisameheni."

Mimi nilimsogelea nikamshika kiuno, maana nilijua hilo neno limemtoka kwa gharama gani, mbele ya watu asiowajua, yeye ambaye shoga zake wenyewe hakuwaambia. Nikaona kama ni mimi niliyemvua nguo.

Yule mwanamke wa mbuzi aliweka mkono mdomoni. Mabega yalianza kumtikisika. Nilidhani analia.

"Sukari?" akasema, na kicheko kikamponyoka. "Una sukari, na wewe? Mimi ninayo! Daktari kaniambia neno hilo hilo, Thuraya tembea! Nikamuuliza, nitembee natafuta nini? Na kila nikitoka mlangoni, huyu..." akamwelekezea kidole Marzouq, "huyu mume wangu ananifuata na gari! Thuraya, panda. Thuraya, watu wataniambia nini. Sijapata kufika kisimani!"

Bonde zima lilicheka. Yule mzee wa jabalini alicheka mpaka akakaa. Marzouq peke yake alisimama kashika mlango wa pikapu, masikio mekundu. "Kweli wangenisema," akajitetea.

"Sasa watakusema kwa hili," akasema Thuraya. Alimfunga yule mbuzi kwenye mgunga mpaka apatikane mwenyewe, akaipangusa mikono, akaja akamshika Mama mkono. "Twende, dada yangu. Kutoka hapa mpaka kwetu kuna mlima kidogo, tutapumzika njiani. Marzouq, rudi na gari lako. Tupu."

"Tupu?"

"Tupu kabisa."

Tulipanda nyuma yao, mimi na Rahaf. Walikuwa wanakwenda na kusimama, wanahema, wanacheka, mmoja na Kiarabu cha milimani na mwengine na Kiarabu cha Unguja, na kila mmoja anamkatiza mwenziwe maneno. Nilisikia wanaulizana vidonge. Nilisikia Thuraya akiuliza, "Na wali?" na Mama akijibu, "Usiniambie habari ya wali," kwa huzuni ya mtu aliyefiwa. Thuraya alimwonesha chini ya ukuta wa kwao mlozi umetoa maua kabla ya majani, meupe yenye wekundu wa ndani, na Mama akasimama chini yake muda mrefu, mkono wake bado uko ndani ya mkono wa Thuraya.

Ghaith alikuwa mbele ya msikiti. Alipotuona alikuja mbio akafungua mlango wa mbele wa gari, na hofu ya mkwe imemjaa usoni, maana habari za mbuzi zilikuwa zimeshamfikia kwa namna tatu mbalimbali.

"Shikamoo, Mama. Umechoka?"

"Marahaba. Nimechoka sana." Alijifuta jasho kwa ncha ya shela. Hakuingia ndani ya gari. "Hebu niambie, Ghaith. Ijumaa ijayo una kazi?"

"Ijumaa, Mama? Sina."

"Basi utulete mapema, kabla ya jua. Thuraya anasema ndege hao wamebakisha siku chache tu waende zao, na asubuhi ndio wanaimba hasa. Mwaka ujao wakirudi tutawajua sauti." Akamgeukia Thuraya akasema naye, kisha akarudi kwetu. "Na ukishasali, wewe shuka na gari mpaka chini. Sisi tukishasali na kunywa kahawa yake, tende moja moja, kuna njia ya nyuma ya mashamba tutashukia. Thuraya atanisindikiza."

"Mpaka chini kwa miguu?" akauliza Ghaith.

"Kwani nitafika vipi?" akasema Mama, na akamshika Rahaf mkono wakaingia kwa Thuraya.